Nyumba Isiyozima Televisheni

Mwaka 1996 nilihamishiwa Songea kutoka Same, na sitadanganya, nililia njia nzima. Kwetu mtu akipelekwa Songea alisindikizwa kama anayekwenda vitani. Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na saba, mwenye masanduku mawili, jiko la mchina na hasira nyingi kwa afisa elimu ambaye hata sura yake sikuijua.

Nikapata chumba cha uani mtaa wa Bombambili, kwa mama mmoja mshonaji. Jina lake la ubatizo lilikuwa Kunegunda, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Romanus. Zamani alishona sare za shule. Mitumba ilipofurika sokoni kazi ya sare ikapungua, naye akawa mtu wa kubana suruali za mitumba zilizokuja na viuno vya kutosha watu wawili. Kutwa alikuwa barazani na cherehani yake, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi, akinisahihisha kila nilichofanya: namna ya kuanika, namna ya kufagia, namna ya kupika mboga ya maboga. Wiki ya kwanza nilimchukia. Wiki ya tatu nilikuwa nakula kwake.

Ndani alikaa na mkwewe Recho, binti wa Maposeni, msichana mpole kupita kiasi, na mjukuu wake Honorata ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Romanus mwenyewe, mtoto pekee wa yule mama na mume wa Recho, sikuwahi kumwona. Alikuwa Tunduru kwenye madini. Ilikuwa miaka ya biashara huria. Wageni wenye fedha walishuka kununua vito, na vijana wa mkoa mzima wakatupa majembe ya shamba wakaenda kuchimba mashimo. Wengi walirudi na malaria. Romanus alibahatika mara moja. Alipata jiwe, akaliuza, akarudi nyumbani Krismasi. Baba yake mdogo, Mzee Bartolomeo wa Mpitimbi, alitegemea kuona bati mpya juu ya nyumba ya marehemu kaka yake. Badala yake Romanus alinunua televisheni, deki ya video na kanda kumi na tatu kutoka kwa Mzungu mmoja fundi wa jenereta aliyekuwa anarudi kwao. Alikaa miezi minne na mkewe, akarudi Tunduru kutafuta jiwe la bati.

Dishi hawakuwa nalo, kwa hiyo ukiiwasha televisheni bila kanda uliona chenga tu. Zilibaki zile kanda. Mama yake yule Mzungu alikuwa amerekodi mchezo wa zamani wa kwao, akawa anamtumia mwanawe kwa posta ili asizidiwe na upweke huku Afrika. Lugha ilikuwa Kijerumani, ambacho nyumbani pale hakuna aliyejua hata neno la salamu. Mchezo wenyewe ulihusu stesheni ndogo ya treni milimani. Palikuwa na mkuu wa stesheni mnene mwenye kofia, mkewe wa kuoka mikate, bata bukini mmoja mtundu aliyependa kukaa relini, na babu mwembamba aliyekuja kila siku kuuliza treni bila kusafiri hata mara moja. Katika kila mchezo kitu kilipotea: kofia, barua, mzigo, yule bata. Mwisho kilipatikana, na wote walikaa kwenye meza ndefu wakala. Hapakuwa na bastola wala talaka. Rangi zilikuwa zimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi.

Siku hizo televisheni ilikuwa ya Jumapili tu. Siku nyingine ilifunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake pakawekwa maua ya plastiki. Mama Romanus, ambaye hakuwa ameona treni maishani mwake, alitutafsiria. "Huyu anamwambia mkewe, mkate wako leo umeungua," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyesomea Ujerumani. Mimi niliyekulia kando ya reli nilimweleza mabehewa yanavyoungwa. Akaniambia ninyamaze, nawakatiza watu maneno yao.

Mwezi Januari, baada ya mvua kubwa za mwaka ule wa kwanza, alikuja Alfani.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka misa, tumekaa sebuleni, televisheni haijawashwa bado. Akaingia kijana mwenye kofia ya kufuma, amekonda, mguuni ana bandeji chafu. Mkononi alishika begi la bluu. Recho aliliona lile begi la mumewe kabla hajamwona mtu mwenyewe, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. "Mimi naitwa Alfani, mama, mtu wa Nakapanya. Nilikuwa shimo moja na Romanus." Akaweka begi sakafuni taratibu. "Mama, kazi ya Mwenyezi Mungu haina makosa. Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne asubuhi Romanus akashuka na wenzake wawili. Mimi nilikuwa juu kwenye kamba. Ardhi ikakaa. Ilikaa tu, mama, haikupiga hata kelele."

"Ulimwona?" aliuliza Mama Romanus.

"Tulichimba siku nne, wallahi. Maji yakatushinda. Juu kukaanza kukatika tena, wakubwa wa pale wakasema basi, tutaongeza maiti."

"Nimekuuliza ulimwona?"

"Sikumwona, mama. Niliona shimo limejifunga."

"Basi hukumwona."

Akainuka. Akaondoa maua ya plastiki, akakunja kitambaa pande nne, akakiweka juu ya kabati. Akachukua kanda ya kwanza, akaitia kwenye deki, akawasha.

Msomaji asiyekulia kwetu pengine hataelewa kwa nini Alfani alirudi nyuma hatua mbili kama aliyepigwa kofi. Nyumba yenye msiba haiwashi redio wala televisheni. Viti hutolewa nje, mikeka hutandikwa, na hata majirani hupunguza sauti kwao mpaka matanga yaishe. Mama Romanus hakuwa na haja ya kubishana na mtu yeyote. Alimwonyesha yule kijana, kwa ile picha iliyopauka na muziki wake wa kinanda, kwamba nyumba hii haina msiba. Recho alikuwa ameshavuta pumzi ya kulia. Aliirudisha ndani, mbele ya macho yangu, na ilikaa humo karibu miaka mitatu.

Tangu siku hiyo televisheni haikuzimwa. Umeme wa Songea wakati ule ulikuwa wa jenereta na wa mgao, leo mtaa huu, kesho ule. Lakini ulipokuja tu, kitu cha kwanza kuamka kwetu ilikuwa ile stesheni. Dirisha la mbele liliachwa wazi hata wakati wa baridi ya Juni, na sauti ilipandishwa mpaka barabarani. Wapita njia walisikia Kijerumani na kucheka kwa watu wasiowajua. Majirani nao walielewa. Mwanzoni walikuja wawili watatu wamefunga kanga viunoni, wakisita getini, wakaisikia, wakageuka. Mama Zabibu wa nyumba ya pili, mwanamke wa Tunduru ambaye shemeji zake pia walikuwa mashimoni, alifika mpaka barazani na sahani ya unga imefunikwa. Mama Romanus akamwuliza, "Kuna nini?" Akajibu, "Hakuna, nilikuwa napita," akarudi na unga wake.

Kanisani Mama Romanus alipoandikisha nia ya misa alikataa jina la Romanus lisomwe pamoja na marehemu. Liliwekwa kwenye wasafiri. Kila mwezi tukasikia likisomwa hivyo, na watu waliinamisha vichwa.

Mzee Bartolomeo alikuja mara nne kwa miaka miwili. Mara ya kwanza alikuja na huruma, za baadaye alikuja na hasira. Alikaa barazani, hakutaka kuingia ndani kwenye makelele yale.

"Shemeji," alisema, "ukoo wetu una utaratibu. Mtu akipotea mtoni au porini tunakata mgomba, tunauvisha sanda, tunauzika mahali pake. Anapumzika, na sisi tunapumzika. Ulikuwepo tulipomzika hivyo ndugu yetu aliyepotelea ziwani."

"Mgomba sikuuzaa mimi."

"Na huyu binti?" Alimwonyesha kwa kidevu Recho, aliyekuwa akichambua maharage. "Si mke, si mjane. Kwao Maposeni wananiuliza mimi. Nikawaambie nini? Bila matanga hawezi kuondoka hapa, wala hakuna mtu anayeweza kumsemesha. Umemfunga, shemeji. Umemfunga na hiyo sinema yako."

"Anakula kwangu. Nimemnyima nini?"

Recho hakuinua uso. Nilijua jibu lake, maana usiku tulipochota maji kisimani kwa zamu aliwahi kuniambia. Alitaka kulia tu. Alisema hata kurudi kwao si lazima. Alitaka apewe siku moja ya kulia kwa sauti kwamba mumewe amekufa, watu wamshike mikono, basi.

Ningependa kusema kwamba nilimtetea. Sikumtetea. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu wa stesheni.

Naomba nieleweke. Mshahara ulikuwa unachelewa miezi miwili, darasani nilikuwa na watoto tisini na chaki mbili, na kijana niliyemwacha Same aliniandikia barua ya ukurasa mmoja na nusu kuniarifu ameoa. Jioni niliporudi niliwakuta palepale: mnene na kofia yake, mkewe na unga mikononi, babu akiuliza treni. Niliketi kando ya Mama Romanus, sikutakiwa kuwa mwalimu wala mgeni wala mwanamke aliyeachwa. Bata angepotea, bata angepatikana. Nilijua hasa yuko wapi, na bado moyo ulinidunda. Mtu ambaye hajawahi kuhitaji kitu cha namna hiyo ana bahati, na mimi sina hamu ya kuongea naye.

Yule mama naye, nilianza kuona, hakuwa tena anawasha kwa ajili ya majirani peke yake. Aliingia humo ndani. Tafsiri zake zilibadilika kila wiki. Babu mwembamba, aliyempenda kupita wote, mara alikuwa anamsubiri mke, mara ndugu aliyekwenda jeshini. "Leo anasema, nitakuja tena kesho, si mbali," alinitafsiria, na mkono wake ulikuwa umeacha kushona. Uso wake wakati huo ulikuwa wa msichana. Nilimwonea huruma mpaka nikaona aibu, nikajifanya natafuta kandambili zangu.

Kanda zilikuwa kumi na tatu, lakini tuliangalia kumi na mbili. Kwa muda mrefu sikugundua. Siku moja amekwenda sokoni, mimi nikiwa nimekabidhiwa kuhakikisha deki hainyamazi, nikachukua ya tisa kwa kuwa ilionekana mpya. Mkuu wa stesheni na watu wote walikuwa na utepe mweusi kwenye mkono wa koti. Benchi la yule babu lilikuwa tupu. Meza ndefu ilikuwepo, watu wanakula, hakuna anayecheka. Pengine mwenyewe mwigizaji alifariki, wakaona wasidanganye watu. Mama Romanus aliingia na kikapu cha nyanya, akasimama mlangoni. Akaja, akaitoa ile kanda, akatia ya nne.

"Hiyo mbovu," alisema.

"Mbona inaonyesha vizuri, mama?"

"Mbovu, mwalimu. Nikisema mbovu ni mbovu." Nyanya mbili zilianguka kutoka kikapuni zikabingirika mpaka chini ya meza. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo, kama mtaa ulivyosema. Alijua. Alijua tangu begi lilipowekwa sakafuni.

Honorata alikua mbele ya ile stesheni. Alijua kusema "treni" kabla ya kusema "maji". Aliambiwa kwamba baba yuko safari, na kwamba televisheni ni ya baba. Vitu viwili vya kweli, au karibu na kweli, ambavyo mtoto wa miaka minne aliviunganisha mwenyewe kwa akili yake. Siku moja mwaka 1999, tumekaa wote, akageuka akamwuliza bibi yake:

"Bibi, baba atatoka kwenye kanda ipi?"

 Muziki uliendelea. Mtoto akadhani hajasikika, akarudia kwa sauti zaidi, akionyesha kioo: anatoka ipi, ya ngapi, mbona hatoki.

Recho alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza. "Mama," alisema, "mimi nimekuvumilia. Nimeamka saa kumi na moja kila siku nikakuchotea maji. Sijakukatalia neno. Lakini mwanangu anamtafuta baba yake kwenye video. Mwambie wewe. Mimi sitamdanganya tena, na wewe umenikataza kuusema ukweli." Akambeba mtoto, akatoka uani.

 Mama Romanus akanyoosha mkono, akaongeza sauti. Nilitamani kumzaba kofi, na nilitamani kumkumbatia, na nikaenda chumbani kwangu bila kufanya lolote.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, umeme ulirudi kwa kishindo baada ya mgao, na televisheni ikatoa moshi mwembamba nyuma. Picha ikajikunja katikati ya kioo, ikawa mstari, ikapotea. Mama Romanus aliipigapiga ubavuni. Akaniita mimi, maana mwalimu anadhaniwa anajua kila kitu. Niliahidi kuipeleka kwa Daudi, fundi wa redio sokoni. Kesho yake mchana nikaazima toroli kwa jirani, nikaifunika televisheni kwa kanga kuukuu ili vumbi lisiingie, nikaisukuma mtaa mzima. Daudi alifungua mgongo wake, akaguna, akasema kifaa kilichoungua lazima kiagizwe Dar. Wiki moja, labda mbili.

Niliporudi, sebule ilikuwa na pengo kubwa ukutani, na Mama Romanus alikuwa analitazama lile pengo. Mimi nikaona nimpe kazi ya kumsahaulisha. Viti vyake vya sofa vilikuwa na kunguni tangu masika; nikasema, mama, kwa kuwa nafasi ipo, tuvitoe nje vipigwe jua, na sakafu tuisugue. Tukavitoa vyote nje, kile kirefu na viwili vya mtu mmoja mmoja, tukavipanga ukutani upande wa barabara kwa sababu ndiko jua liliko. Nilijiona nina akili sana.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya. Sikuwa najua tulivyokuwa tumezoea ile sauti. Tulisikia hata mtoto akitafuna. Mama Romanus hakujua mikono aiweke wapi. Jioni ya pili aliniuliza, "Mwalimu, kwenye kanda ya tatu, yule bata walimkuta wapi vile?"

"Chini ya daraja, mama."

"Chini ya daraja." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa naanza kusahau."

Jumamosi asubuhi, saa tatu hivi, nilikuwa nafua. Mama Romanus alikuwa barazani anabana suruali. Nikasikia kilio. Kilitokea kona ya barabara, kilio kile cha mwanamke anayekaribia nyumba ya msiba, kinachopanda kadiri anavyosogea. Nikasimama na povu mikononi nikijiuliza ni nyumba ipi. Kikaingia getini kwetu.

Alikuwa Mama Zabibu, mikono kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wa mtaa, kumi, kumi na watano, kanga viunoni, mmoja na kuni, mwingine na unga, wengine na mikeka mabegani. Wanaume walibaki nje wakivua kofia. Nikavitazama vile viti ukutani. Nikaikumbuka televisheni ikitolewa mchana kweupe, imefunikwa kanga. Siku mbili dirisha lile halikutoa sauti. Mungu wangu, nikasema. Mtaa mzima ulikuwa umeusoma ule ujumbe, na aliyeuandika ni mimi.

Recho alitoka jikoni. Alidhani habari mpya imefika, kwamba mifupa ya Romanus imepatikana. "Wamemtoa?" aliuliza. "Wamemtoa lini?" Hakungoja jibu. Pumzi aliyoirudisha ndani siku ile ya Alfani ilitoka yote kwa mara moja, akaanguka magotini, na wanawake wanne wakamdaka.

Mama Romanus alikuwa bado ameshika suruali chini ya sindano. "Nani kafa?" aliuliza.

Mama Zabibu alipiga magoti mbele ya cherehani. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli; hakuna anayeweza kuigiza vile. "Pole, dada yangu. Pole sana. Tumechelewa kuja, tunajua, lakini tulikuwa tunakusubiri wewe. Mimi unga huu niliuweka tangu siku ile. Nimebadilisha unga, nia ni ileile."

Nilisogea. Ilinipasa kusema. "Jamani, samahani, si hivyo. Televisheni iko kwa fundi, na viti ni kunguni..."

Mama Romanus aliinua kiganja kunizuia, bila kunitazama. Alikuwa anawatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wanalia. Walikuwa wamemfahamu Romanus tangu anatambaa, na kwa karibu miaka mitatu walikuwa wamezuiwa na kinanda cha Kijerumani wasimlilie. Kisha akamtazama Recho, pale chini, kichwa kikiwa kwenye paja la mtu.

Alikata uzi kwa meno. Akaikunja suruali ya mtu, akaiweka kando isichafuke. Akavua miwani, akavua viatu, akashuka ngazi mbili za baraza. Wanawake walikuwa wametandika mkeka wa kwanza. Akaketi katikati yake, akanyoosha miguu kama mtoto, na akalia. Sauti ilikuwa nene, ya chini, wala haikuwa na maneno. Recho alitambaa mpaka kwake. Wakashikana, na hapo nami nikakaa chini kwenye maji yangu ya kufulia.

Mzee Bartolomeo aliletewa habari, akafika alasiri kwa gari la mahindi. Hakutoa lawama. Alichuchumaa kando ya mkeka. "Shemeji, nikakate?"

"Kata," alisema. "Mrefu. Usiniletee kafupi. Alikuwa anainama mlangoni, unajua mwenyewe."

Sanda aliishona yeye, kwa cherehani yake, na vipimo alivitoa kichwani.

Tulimzika Mpitimbi, Jumatatu, kando ya baba yake. Padri alisoma jina lake na marehemu. Honorata alishikwa mkono na mama yake, naye Recho alivaa nguo nyeusi ya kuazima, macho yamevimba, uso umetulia. Mgomba, ndani ya shuka nyeupe, ulibebwa na wanaume sita kama mtu, taratibu, bila mzaha. Wakaushusha kaburini. Haukuingia. Waliochimba walikuwa wamechimba kwa kipimo cha kawaida, na Mzee Bartolomeo alikuwa amekata kama alivyoagizwa. Ncha moja ilibaki juu.

Wanaume walinong'onezana. Mmoja akasema kwa upole kwamba si kitu, ni mgomba tu, wapunguze kidogo kwa panga. Alikuwa ameshalishika.

Mama Romanus alifika hapo kabla hatujajua ametoka kwenye kundi la wanawake.

"Mwanangu hakatwi," alisema. "Mtoeni. Mumlaze hapa. Ongezeni shimo."

"Mama, jua limeshapanda..."

"Chimbeni."

Wakautoa, wakaulaza kwenye majani. Wawili wakarudi ndani na majembe. Yeye akaketi chini kwenye udongo uliofukuliwa, akaweka mkono pale ambapo kichwa kingekuwa, akawasubiri wamalize.